Mbeba Maji Hakunywa: Uchambuzi wa Kisa cha Matembezi ya Siku Moja Petra

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Petra, kusini mwa Yordani, mwishoni mwa mwezi wa Mei. Ninayeandika ndiye niliyekuwa kiongozi wa kikundi, kwa hiyo sehemu kubwa ya makosa yanayochambuliwa hapa ni yangu mwenyewe. Nimeondoa majina, mwaka, shule na miji ya wahusika, lakini mfuatano wa saa na wa maamuzi nimeuacha kama ulivyokuwa. Saa zote ni za Kiswahili, na kwa kuwa Yordani sasa inafuata saa ileile ya Afrika Mashariki mwaka mzima, msomaji hana haja ya kuongeza wala kupunguza.

Mahali na njia

Petra ulikuwa mji mkuu wa Wanabatea, Waarabu waliotajirika kwa misafara ya ubani na viungo kabla ya Roma kuutwaa ufalme wao mwaka 106. Sehemu mashuhuri za mji huo hazikujengwa kwa tofali juu ya tofali. Zilichongwa ndani ya majabali ya jiwe la mchanga, na ndiyo maana bado zipo licha ya tetemeko kubwa la mwaka 363. Tangu mwaka 1985 mahali hapa pamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Mtu wa Kiswahili akifika pale hutembea kama anayesikia lugha ya jirani. Jengo la kwanza linaloonekana baada ya korongo ni al-Khazna, yaani hazina. Hekalu la mwisho wa barabara kuu ni Qasr al-Bint, kasri la binti. Mawe makubwa ya mraba karibu na lango huhusishwa na majini. Walimu wenzangu walifurahia jambo hili kuliko picha.

Kinachohusu uchambuzi zaidi ni umbo la njia. Kutoka lango la wageni hadi Qasr al-Bint ni takriban kilomita 4, ambazo kati yake kilomita 1 na kidogo ni korongo jembamba liitwalo Siq, na karibu njia yote hiyo ni mteremko. Anayeingia asubuhi husaidiwa na ardhi, na hujiona ana nguvu kuliko alizonazo. Mlima wa kurudi humngoja alasiri. Aliyeamua kwenda ad-Deir, jengo la mwambani ambalo upana na urefu wake vyote hukaribia mita 50, huongeza ngazi zaidi ya 800 kutoka karibu na Qasr al-Bint. Ipo pia njia ya tatu, inayopanda kutoka karibu na uwanja wa maonyesho hadi Mahali pa Juu pa Sadaka, kisha kushuka upande wa pili kwa bonde la Wadi Farasa. Sisi tulipanga zote tatu kwa siku moja.

Kikundi na maandalizi

Tulikuwa watu 9 kutoka Tanzania na Kenya: walimu 6 wa historia, wenzi wa wawili kati yao, na kijana wa miaka 27 ambaye nitamwita Msaidizi. Kijana huyu alikuwa amefundishwa sekondari na wawili kati yetu, na kwa desturi bado alituita walimu na kutubebea mizigo bila kuombwa. Mkubwa wetu alikuwa mama wa miaka 64, aliyestaafu, anayetumia dawa za shinikizo la damu, mojawapo ikiwa ile ya kumfanya mtu akojoe zaidi. Wote tulimwita Mama.

Wasiwasi wangu wote ulikuwa juu ya Mama. Jioni ya kuamkia siku ile nilimwita pembeni, nikamuuliza kuhusu dawa zake, miguu yake na usingizi wake. Sikumwita pembeni mtu mwingine yeyote.

Hofu yangu ya pili ilikuwa mafuriko. Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 1963 maji ya ghafla katika Siq yaliua watalii wa Kifaransa zaidi ya 20, na kwamba Novemba 2018 maelfu ya wageni walihamishwa Petra kwa sababu ya mvua. Basi nilifuatilia utabiri wa mvua kwa siku tatu mfululizo, na nilipoona hakuna wingu nikalala nikiwa nimeridhika. Kwamba anga lisilo na wingu mwezi wa Mei lina hatari yake nyingine, sikulipa jambo hilo uzito.

Kila mtu alibeba chupa ya lita 1.5. Lita 6 za akiba alibeba Msaidizi mgongoni. Pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, tulizokuja nazo kutoka nyumbani zilibaki hotelini, katika mfuko wa kando wa sanduku langu.

Mfululizo wa matukio

Tuliingia langoni saa 12:20 asubuhi. Ndani ya Siq tulitembea taratibu, kwa sababu walimu wa historia hawapiti ukuta bila kuugusa. Pande zote mbili za korongo kuna mifereji iliyochongwa ukutani kuleta mjini Petra maji ya chemchemi za Wadi Musa, mji wa leo ulio karibu na lango, na upande mmoja bado vinaonekana vipande vya mabomba ya udongo wa kuchoma yaliyopachikwa kwa chokaa. Mahali fulani imechongwa picha ya msafara, na upepo na maji vimekula sehemu ya juu yote. Kilichobaki ni nyayo za ngamia na pindo la vazi la mtu anayewaongoza. Tulisimama hapo dakika 20, tukijadili jinsi watu wa jangwani walivyoweza kulisha mji maji, na mifereji mikavu ikitupita kiunoni.

Tulifika al-Khazna saa 1:30. Uso wa jengo, wenye kimo cha karibu mita 40, ulikuwa bado kivulini, na tulijua kwamba jua huuangaza asubuhi ikishapevuka. Kikundi kiliomba kusubiri, nami nikakubali. Tulisubiri hadi saa 3:15. Uamuzi huo ulitupotezea saa nzima na zaidi ya baridi ya asubuhi, ambayo ndiyo mali halisi ya mtembeaji wa jangwani.

Kupanda Mahali pa Juu kulichukua muda kidogo chini ya saa moja. Huko juu kuna madhabahu iliyochongwa katika mwamba na minara miwili ya jiwe yenye kimo cha zaidi ya mita 6, ambayo haikusimamishwa pale: Wanabatea waliondoa kilele cha mlima kuizunguka, wakaiacha imesimama. Mama alipanda kwa hatua za kuhesabu, akipumzika kila kona, akinywa fundo mbili tatu kila alipokaa. Msaidizi alikuwa akipanda na kushuka kati ya wa mbele na wa nyuma, akiuliza nani ameishiwa maji.

Tukashuka Wadi Farasa. Karibu na chemchemi ya simba, mnyama mkubwa aliyechongwa ukutani ambaye zamani maji yalimtoka kinywani na ambaye sasa kichwa chake kimelika, tulimimina lita 2 za akiba katika chupa za watu. Nakumbuka vizuri kwamba aliyemimina ni Msaidizi. Sikumbuki kumwona akinywa, na nilipowauliza wenzangu baadaye, hakuna aliyekumbuka.

Tulifika Qasr al-Bint saa 6:45 mchana. Mpango ulisema tufike saa 5:30. Tulikula mikate, mayai na machungwa. Msaidizi alikula nusu chungwa akasema ameshiba. Hapa ndipo ulipotakiwa uamuzi wa kwenda ad-Deir au kurudi. Mama alisema, “Nendeni wanangu, mimi nimeshaona ya kunitosha, nitawangoja kivulini.” Wengine wote walitaka kupanda. Nilimgeukia Msaidizi mbele ya watu wote nikamuuliza, “Vipi, uko sawa?” Akajibu, “Niko sawa, Mwalimu.”

Nilimpa Mama agizo moja: ikifika saa 9:30 bila sisi kurudi, amwambie mfanyakazi wa hifadhi. Tulinunua chupa 6 za maji, tukaanza kupanda saa 7:20.

Mpango ulikuwa na saa ya kugeuka: saa 8:00, popote tutakapokuwa. Saa hiyo ilitukuta tumepita nusu ya ngazi. Mmoja wetu aliangalia simu, ambayo ilionyesha nyuzi 34, akasema zimebaki ngazi chache. Sikujibu, na kutojibu kwa kiongozi ni ruhusa. Tulifika juu saa 8:25.

Wakati wengine wanapanga picha, Msaidizi alikaa juu ya jiwe na hakuinuka alipoitwa. Nilipomkaribia niliona mgongoni mwa shati lake la buluu mistari myeupe, mmoja juu ya mwingine, kama alama za maji kupwa ufukweni. Ilikuwa chumvi ya jasho lililokauka. Mashavu ya miguu yalikuwa yamemkaza, alilalamika kichwa, kisha akatapika maji machache. Nilimuuliza jina la mama yake, siku ya wiki, na mahali tulipo. Alijibu yote sawasawa, polepole.

Maamuzi kule juu na sababu zake

Mkabala na ad-Deir kuna kibanda cha chai kilicho ndani ya pango, na mwenyewe alituruhusu kuingia mara moja. Tulimlaza chini, tukainua miguu yake juu ya begi, tukamfungua vifungo. Mmoja wa akina mama alivua khanga aliyokuwa amejitanda kujikinga jua, akailowesha, tukamfunika shingo na kifua, kisha tukapokezana kumpepea kwa kofia. Hewa ikiwa kavu namna ile, kitambaa chenye maji hupoza mwili upesi ajabu. Baada ya dakika 10 alisema anasikia baridi, tukaiondoa kifuani.

Pakiti za ORS hazikuwepo, lakini mwalimu mmoja alikumbuka kipimo alichofundishwa kliniki alipokuwa analea: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Sukari na chumvi alitupa mwenye kibanda, akakataa malipo. Msaidizi alinywa kwa fundo, kila baada ya dakika mbili, kwa sababu kunywa kwa pupa kungemtapisha tena.

Tulipotafuta chupa yake ili tumchanganyie humo, tuliikuta chini kabisa ya begi. Kizibo kilikuwa hakijafunguliwa.

Watu watatu walikuja kutupatia punda wa kumteremsha. Kikundi kiligawanyika. Waliotaka punda walisema kila dakika ni hatari. Niliamua tungoje, kwa sababu mbili: alikuwa na akili timamu na alikuwa akipata nafuu, na mtu mwenye kizunguzungu juu ya mnyama, kwenye ngazi zilizolika zilizo kando ya bonde, anaweza kuanguka na kupata jeraha baya kuliko ugonjwa wenyewe. Nilisema wazi kwamba akianza kuchanganyikiwa katika maneno, au mwili ukizidi kuwa moto, basi hatungoji lolote. Hilo lingekuwa pigo la joto, na pigo la joto huua.

Tulianza kushuka saa 10:05, yeye akiwa katikati ya watu wawili, bila begi.

Matokeo

Tulifika Qasr al-Bint saa 11:15 jioni na kulikuta gari la hifadhi likisubiri. Mama alikuwa amefuata agizo kwa dakika: saa 9:30 ilipofika alimwendea mfanyakazi, akamweleza kwa ishara na Kiingereza kidogo kwamba watoto wake wanane wako juu. Gari lilimchukua Msaidizi na mtu mmoja kwa barabara ya nyuma inayopandia Umm Sayhoun, kijiji walikohamishiwa Wabedui waliokuwa wakiishi mapangoni Petra katika miaka ya 1980, na kutoka huko hadi zahanati. Sisi wengine, na Mama mbele yetu, tulipanda kilomita 4 za kurudi na kutoka langoni saa 12:40, tukiwa karibu wa mwisho.

Zahanati walimtundikia dripu, wakampima shinikizo mara kadhaa, wakamruhusu saa 4 usiku. Alisafiri kesho yake akiwa amelala kiti cha nyuma. Hakupata madhara ya kudumu.

Uchambuzi

Siku mbili baadaye, tukiwa wawili tu, Msaidizi alinieleza kilichotokea. Usiku wa kuamkia matembezi aliharisha mara nne. Asubuhi aliona aibu kusema. Alijua kuwa njia ya Mahali pa Juu haina choo, basi akaamua asinywe kitu mpaka tufike chini, na alipofika chini tumbo lilikuwa limekataa chakula. Yaani aliingia jangwani akiwa tayari amepungukiwa maji, akabeba kilo 6 za maji ya wengine, akatembea saa nane na zaidi akikimbia huku na huko, na hakuwa mjinga hata kidogo. Kila hatua aliyochukua ilikuwa na mantiki yake ukiitazama peke yake.

Kosa la kwanza, na kwangu ndilo zito, ni namna nilivyouliza. Swali la “uko sawa?” likiulizwa hadharani na mwalimu kwa mwanafunzi wake wa zamani, mbele ya mama wa miaka 64 ambaye hajalalamika tangu alfajiri, lina jibu moja tu katika malezi yetu. Kijana hatangulii kuchoka mbele ya wazee. Nililijua hilo, kwa maana nami nililelewa hivyo, lakini nililichukua jibu lake kama taarifa ya afya ilhali lilikuwa la adabu. Mama nilimwuliza faraghani, na maswali yenyewe yalikuwa ya kujibika: umelala saa ngapi, miguu imevimba? Alinijibu ukweli. Tangu hapo katika safari zangu kila mtu huulizwa faraghani, na swali la tumbo nalitaja kwa jina lake: umeharisha? Umekojoa lini mara ya mwisho, na rangi ilikuwaje? Wapo wanaoona hayo ni utovu wa haya. Wanajibu hata hivyo.

Kosa la pili ni la ugawaji wa kazi. Anayebeba maji ya wote hufikiriwa kuwa na maji. Hakuna aliyemkumbusha kunywa kwa sababu kila alipoonekana alikuwa na chupa mkononi, akimpa mtu. Mzigo wa akiba ungepokezwa kila saa, angalau mbebaji mpya angefungua begi na kuiona chupa iliyofungwa.

La tatu linawahusu hasa watu wa pwani. Sisi tunajua joto, na tulijisifu kwa hilo asubuhi ile. Lakini joto la Dar es Salaam au Mombasa linakupa habari: shati hulowa, kope hutiririka, unatafuta kivuli kabla hujadhurika. Katika hewa kavu jasho hutoka na kukauka papo hapo, na mtu hujiona mkavu, hivyo huamini hatoki jasho. Dalili pekee niliyoweza kuiona ni ile chumvi ya shatini, nami niliiona ikiwa imeshakuwa na tabaka. Yamkini mtu wa Ulaya, ambaye joto lolote humtia hofu, angekunywa mapema kuliko sisi.

Saa ya kugeuka tuliivunja kwa dakika 25 tu, na ningependa kusema dakika hizo ndizo zilizotuponza, ila si kweli. Muda ulipotea al-Khazna asubuhi. Lau tungepanda Mahali pa Juu kwa ubaridi wa saa 1:30, tungefika Qasr al-Bint kwenye saa 5, na dalili zake huenda zingejitokeza wakati wa chakula, karibu na gari. Uvunjaji wa saa 8:00 ulionyesha jambo jingine: kwamba saa yenyewe haikuwa na mwenyewe. Niliitangaza mimi, na mimi ndiye niliyekuwa na hamu kubwa ya kufika juu. Afadhali ningempa mwingine kazi ya kuitamka.

Katika yaliyofaulu, agizo kwa Mama lilikuwa bora kuliko yote, na sitadai kuwa nililitoa kwa busara. Nilitaka tu asijisikie ameachwa bila kazi. Agizo hilo lilikuwa na saa, na lilitaja mtu wa kuambiwa, kwa hiyo halikuhitaji simu, ambayo kule juu ilikuwa ikipata na kupoteza mtandao. Tungeshuka bila gari kutungoja, tungelazimika ama kumtembeza mgonjwa kilomita 4 za mlima au kutafuta msaada jioni wakati watu wamepungua.

Kuhusu punda bado hatujakubaliana. Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba nilicheza bahati nasibu: kama hali ingegeuka saa 9:30, tungekuwa tumepoteza saa nzima. Hoja yake ina nguvu, na njia ya kati tuliyoweza kuitumia wala hatukuifikiria ilikuwa kumtuma mtu mmoja mwenye nguvu ashuke mara moja, saa 8:40, akaombe msaada wakati sisi tunampoza mgonjwa. Mtu huyo angefika chini kabla Mama hajamaliza subira yake.

Jambo la mwisho ni tiketi. Kwa mgeni anayelala Yordani, tiketi ya siku moja tuliyonunua ilikuwa dinari 50, na ya siku mbili dinari 55. Dinari moja ni zaidi ya dola 1.40 za Marekani, na mimi ndiye niliyeshauri tubane matumizi. Kwa watu 9 tuliokoa dinari 45, tukazibana njia tatu katika siku moja. Teksi, dripu na dawa za jioni ile zilipita kiasi hicho, na ad-Deir tuliitazama kwa dakika zisizozidi 15, watatu kati yetu wakiwa wameipa mgongo.